Mwalimu wa Kwaya na Wale Wanne wa Marekani

Wasifu wa marehemu ulisomwa makaburini, tena ulisomwa vizuri. Tulisikia alizaliwa wapi, na nani, alibatizwa lini, alioa nani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Msomaji alimeza mate mara mbili, akakunja karatasi, tukaimba, tukarudi kula wali wa msiba. Kwa hiyo hayo sitayarudia. Karatasi yenyewe niliichapa mimi, kwenye steshenari yangu hapa Kasulu karibu na chuo cha ualimu, na wakati naichapa nilijua kabisa kuna jambo limeachwa. Nilinyamaza. Nani angekubali isomwe mbele ya mchungaji kwamba marehemu alitumia nusu ya umri wake kuwafuatilia Wazungu wanne wa Marekani wenye nywele ndefu, wanaopiga magitaa kwa fujo na kuimba kama watu wanaogombana na mbwa?

Siku ile ya mazishi alikuwepo mzee mmoja kutoka Kibondo, gitaa la besi mgongoni, halijachomekwa popote. Vijana wakanong'ona kwamba mzee wa watu amepotea, alikuwa anakwenda harusini. Sikuwajibu. Nimechoka kuwaeleza watu mambo ambayo yanahitaji siku nzima, na ndiyo maana nayaandika hapa mara moja, anayetaka asome.

Tulimwita Mwalimu wa Kwaya, au Mwalimu tu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alikuwa mkulima wa maharage na mihogo kule Kitanga, na kanisani ndiye aliyetufundisha kuimba kwa zaidi ya miaka ishirini bila kulipwa hata sabuni. Yeye naye hakutuita kwa majina. Alituita kwa sauti zetu. Soprano, njoo hapa. Tenor, umechelewa. Mimi alinikuta na miaka kumi na saba, akanisikiliza mstari mmoja, akasema, "Wewe ni alto, kaa pale." Nikakaa pale. Nimeolewa, nimezaa, nimefiwa na mume, nimefungua biashara, na mpaka siku ya mwisho alikuwa akiingia dukani ananisalimia kwa Kiha, "Alto, mwakeye."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wale Wanne wameamkaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake kila Alhamisi. Alikuja mjini kwa chochote kilichokuwa barabarani, lori la maharage, bodaboda, au baiskeli yake yenye kengele isiyolia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mashine ya fotokopi, akavua kofia, akaiweka gotini, akasubiri wateja wapungue. Bei ya mafuta hakuuliza, wala uchaguzi, wala mvua ya Dar. Aliuliza habari za bendi.

Habari hizo zilianzia kambini, miaka ile wakimbizi walipojaa. Mwalimu na rafiki yake mmoja walikuwa vibarua wa kuchimba mitaro ya mabomba ya maji. Huyo rafiki ndiye aliyekuja kuwa mpiga besi wa kwaya yetu, nasi tukamwita Besi. Baba yake Besi alikuwa amekimbia kutoka Burundi zamani, wimbi la mwanzo, na watoto wawili na jembe, akaungoja uraia miaka mingi mpaka akaupata. Kijana wa Kizungu aliyesimamia maji alikuwa na redio kaseti, na humo alisikiliza kelele zake mchana kutwa. Wachimbaji wengine walitema mate. Mwalimu na Besi walisogeza mtaro wao karibu. Kijana alipomaliza mkataba wake aliwaachia kanda moja, haina picha wala jalada, jina la bendi limeandikwa kwa kalamu. Jasho la mikono likalifuta mpaka zikabaki herufi tatu. Ndipo wakawaita Wale Wanne, kwa sababu kijana aliwaonyesha vidole vinne alipoulizwa wako wangapi.

Betri sasa. Anayekumbuka miaka ile anajua kwamba betri mpya zilikuwa za harusi. Za kila siku zilianikwa juani juu ya bati zipate nguvu kidogo, na zikichoka kabisa ziling'atwa. Mwalimu na Besi walijifunza kanda nzima kwa betri za kuanikwa. Kanda ilikuwa inatambaa, magitaa yanakoroma, muimbaji anazungumza kama mtu anayeota homa. Wao wakaamini ndivyo ilivyo. Wakashusha nyuzi za magitaa yao zifanane na ile sauti ya chini, na nyuzi zenyewe zilikuwa za waya wa breki za baiskeli, wakapiga kwa kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye dumu la mafuta. Na kutoka kwenye wimbo mmoja wa kanda hiyo, ule wa kwanza upande wa pili, walitoa mwanzo wa gitaa wakauwekea maneno ya Ayubu. Huo ukawa wimbo wetu wa msiba.

Sisi hatukujua ulikotoka. Tuliuimba kwa watu wengi sana. Tumemwimbia diwani, tumemwimbia mama mkunga, tumewaimbia mapacha wa siku tatu. Watu walikuwa wakisema, kwaya ile ikianza tu wimbo wake, hata asiyemjua marehemu analia.

Siku nilipoweka intaneti dukani, Mwalimu alinipa zile herufi tatu kwenye kikaratasi. Ilinichukua Alhamisi nne kuwapata. Nikamwita asogee kwenye kompyuta. Picha iliyotokea ilikuwa ya wazee wenye ndevu nyeupe, mmoja amevaa miwani ya kusomea. Aliwatazama muda mrefu.

"Wamezeeka bila kuniambia," akasema.

Kisha nikawasha ule wimbo. Kwanza sikuelewa. Ulikuja kama mahindi yanayomwagwa juu ya bati. Halafu katikati ya ile vurugu nikausikia, wimbo wetu wa msiba, ule ule, lakini unakimbia kana kwamba marehemu amefufuka na anafukuzwa. Nilishika mdomo. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akarudi nyuma hatua mbili.

"Zima," Mwalimu akasema. "Wanakimbilia wapi?"

"Ndivyo walivyo, Mwalimu. Betri zenu ndizo zilikuwa zimechoka."

Akafikiri. Kisha akacheka kile kicheko chake kikavu cha kifua. "Basi betri zetu zilikuwa na akili kuliko wao."

Aliniapisha nisimwambie mtu. Alisema kanisa lisingeelewa, na hapo alikuwa sahihi. Maneno ya nyimbo zao nilimtafsiria baadaye, moja moja. Vita, makaburi, mahakimu waliooza, vijana waliotumwa kufa na wazee wasiotumwa. Nilitegemea angeshtuka. "Hizi ni Zaburi," alisema. "Daudi alilalamika kuliko hawa, tena kwa jina la Mungu." Palipokuwa na tusi nililiruka, naye alijua nimeruka, kwa sababu alisema, "Hapo umepita haraka, alto."

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alimtimua tenor mmoja kwayani mwezi mzima kwa kutikisa kichwa madhabahuni, akisema hiyo ni ngoma ya dunia. Lakini yeye mwenyewe akipiga solo alifumba macho na kichwa kikaenda mbele na nyuma kama kuku anayetembea, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alihubiri upole, akararua daftari la soprano aliyekosea mwanzo. Alidai wote tuwahi saa moja na yeye akafika saa moja na nusu, amelowa, na sababu ya kweli: ng'ombe, mto, au mtu aliyemwomba msaada njiani.

Sheria yake kubwa ilihusu mkono wa kulia. Wapiga magitaa wengine hupeleka mkono chini na juu, chini na juu, ndio urahisi wenyewe. Yeye alikataza. "Mkono unashuka, haupandi," alisema. Kila pigo litoke juu lishuke, hata wimbo uwe wa mwendo gani, kwa sababu alivyosikia kwenye kanda kila pigo lilikuwa na uzito sawa, na pigo la kupanda ni jepesi, ni la uvivu. Miaka baadaye nilimwonyesha video. Kumbe kweli, wale wazee wa Marekani nao wanashuka tu. Alifurahi siku hiyo kuliko nilivyowahi kumwona. Alikuwa amelisikia hilo kwenye kanda inayotambaa, kwa betri za kuanikwa, bila kumwona mtu.

Mkono huo ukamlipa mishahara yake. Kifundo kilianza kuvimba, kisha vidole viwili vikawa havikunji vizuri. Alikuwa hawezi kufunga kifungo cha shati cha juu, mkewe ndiye aliyemfunga. Nikamwambia aende hospitali, akaenda, akapewa vidonge, akavila, akaendelea kushusha mkono.

Maisha ya Wale Wanne aliyajua kama wengine wanavyojua ukoo wao. Mimi nilisoma, yeye akahifadhi, na Alhamisi iliyofuata akanisahihisha. Walianzia kwenye banda la gari la mama wa mpiga ngoma. Rekodi ya kwanza waliifanya haraka na vibaya, na ndiyo watu wanayoipenda mpaka leo. Walizunguka nchi yao kwenye gari bovu wakilala juu ya maspika. Rekodi ya pili iliwainua, ya tatu ikawapeleka Ulaya, ya nne ikawajazia viwanja. Kwenye ya tano wakapunguza mwendo ili redio ziwapende, zikawapenda, na mashabiki wao wa zamani wakawatukana kuwa wamejiuza. Hapo Mwalimu aligombana na Marekani nzima. "Wamepunguza mwendo kwa sababu wamechoka! Mtu hana haki ya kuchoka?" Baada ya hapo pombe, kesi, mpiga ngoma akapasuliwa mgongo, muimbaji akaacha pombe akawa anafuga nyuki. Wakavunjika. Wakarudiana. Wakatangaza ziara ya kuaga, kisha nyingine ya kuaga, kisha nyingine, kama shangazi aliyesimama mlangoni na mkoba begani anaanza hadithi mpya.

Alhamisi moja nilikuwa nasoma tu, akili yangu kwenye wino ulioisha, nikafika kwenye habari ya mpiga besi wao wa kwanza.

"Mwalimu, kumbe huyu hakuondoka mwenyewe. Walimwondoa."

"Alikosa nini?"

"Hakukosa. Mama yake alifariki, akaenda kuzika. Siku ya kurekodi ilikuwa imeshapangwa, hawakumngoja. Aliporudi akakuta mtu mwingine ameshika gitaa."

Mashine ya fotokopi ikamaliza kazi yake ikanyamaza.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Akasimama, akatoka, kofia ameiacha kwenye kiti. Sikumkimbilia nayo. Nilijua kimempata nini, na mimi kilinihusu.

Maana nilikuwepo. Kwaya yetu ilirekodi mara moja tu maishani, Mwanza, na siku ile ya studio tuliingoja karibu mwaka. Siku chache kabla ya safari, baba yake Besi alifariki huko kwao Kibondo. Sasa, kwetu, mtu wa kwaya akifiwa kwaya inakwenda. Hilo halina kikao wala mjadala. Hata iwe mvua, hata iwe mitihani, mnapanda lori, mnaimba kaburini, mnakula mnachopewa, mnarudi. Na mzee yule zaidi ya wengine, kwa sababu ndugu zake walibaki ng'ambo ya mpaka au walikwisha. Sisi ndio tulikuwa ndugu. Kanisa lilikuwa limemwambia hivyo kwa miaka yote.

Mwalimu akasema twende Mwanza. Akasema Besi ataelewa. Tukatuma salamu za rambirambi kwa dereva wa lori, tukaenda kurekodi. Fundi wa studio akasema besi si tatizo, kinanda kitaipiga, akabonyeza kitufe kikaipiga. Kwenye kanda ile tuliimba pia wimbo wa msiba, ule wa Mwalimu na Besi, bila Besi, huku baba yake akifukiwa kimya. Jioni tulikula chipsi tukipiga picha ziwani. Mimi nilicheka sana siku ile, nina picha ninacheka.

Besi hakugomba. Alirudi Kasulu, akasikiliza kanda yote amesimama mlangoni mwa kanisa, akasema, "Ego," ndiyo ya kwao, "ni nzuri," akachukua gitaa lake, akahamia Kibondo kabisa. Miaka kumi na tisa hakuja. Na hakuna aliyemfuata. Tulisema tutakwenda baada ya mavuno, na mavuno yalikuja na kupita kama yanavyofanya.

Wiki tatu Mwalimu hakuonekana. Aliporudi, swali lilikuwa limebadilika.

"Alto, wamepatana?"

"Nani?"

"Wale watatu na mpiga besi wao."

"Bado."

"Basi, bado," akasema, akachukua kofia yake.

Ndivyo ikawa. Wamepatana? Bado. Kila Alhamisi. Nilimwelewa kabla hajasema. Alikuwa anangoja Wamarekani wafungue njia. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia, "Mwalimu, Kibondo si Marekani. Basi linaondoka kila asubuhi, linapita hapo mbele ya duka langu, naliona."

"Wale ni wakubwa wetu kwenye kazi hii," alijibu. "Mkubwa akitangulia mdogo anapata pa kukanyaga."

Nilimkasirikia. Nilimwona mwoga, mzee mzima anajificha nyuma ya watu wasiojua hata kama Kitanga ipo. Kisha nikajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu lile basi nililoliona kila asubuhi lilikuwa na viti hata kwangu. Kuna uchovu wa jembe na kuna uchovu wa jambo unaloahirisha. Ule wa pili haulaliki.

Ilipotangazwa ziara ya kuaga ya tatu, ikaandikwa kwamba huenda safari hii wakamwita yule wa kwanza apande nao jukwaani siku ya mwisho. Nilimsomea Mwalimu. Hakukaa. Alisimama akashika meza yangu kwa mkono wake mbovu. Alhamisi iliyofuata alikuja na koti limepigwa pasi, akaniambia gitaa lake amelitoa kwenye gunia, amelifuta, amelibadilisha nyuzi. "Wakipatana tu," alisema, "siku hiyo hiyo nakwenda."

Jumanne moja asubuhi, kabla sijafungua mlango wa mbele, nilisoma kwamba mpiga besi wa kwanza amefariki nyumbani kwake. Alikuwa mgonjwa muda mrefu. Hawakuwa wamepatana.

Nilikaa na habari hiyo siku mbili. Nakiri niliwaza kumdanganya. Kiingereza kilikuwa changu, kompyuta yangu, yeye alikuwa na masikio tu. Ningesema wamepatana, wamekumbatiana, wamelia, nenda sasa Kibondo. Nani angenishitaki? Lakini Alhamisi alipokaa na kofia gotini na kuniuliza, "Wamepatana?" ulimi ulikataa.

"Mwalimu, pole. Yule mpiga besi amefariki."

Alitazama sakafu.

"Wale watatu walikwenda kumwimbia?"

"Walituma maua."

"Maua." Akageuza kofia, akaigeuza tena. "Sisi tulituma salamu kwa dereva wa lori."

Nje bodaboda walikuwa wanagombania abiria. Alisimama, akavaa kofia, na mlangoni akageuka.

"Alto, Jumamosi usifungue duka. Wa kwetu bado anapumua."

Mtu haendi kuomba radhi kwa mdomo wake peke yake. Anakwenda na mtu wa kumsemea. Wazee wetu wangepeleka pombe ya ndizi, chungu kimoja na mirija, mkosaji na mkosewa wakinywa pamoja ugomvi umeisha. Sisi ni walokole, tukabeba kreti ya soda. Njia nzima Mwalimu alishikilia gitaa kwenye gunia lake katikati ya magoti, hakusinzia. Mimi nilipanga hotuba. Nilikuwa nayo nzuri, yenye mistari miwili ya Maandiko.

Tulimkuta Besi anaanika mihogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Kipara, jicho moja limeingia ukungu, shati limefungwa vizuri mpaka juu. Alitutazama tukishuka kwenye bodaboda mbili, akajipangusa mikono.

"Amahoro," akatusalimu. "Kwaya imefika." Kisha akachungulia nyuma yetu, kwa utulivu kabisa. "Wengine wako njiani?"

"Hakuna wengine," nikasema. "Soprano wote wawili wamefariki. Tenor yuko Dar, haandiki. Walioko sasa ni watoto, hawakujui. Kwaya ile ni sisi."

"Ego. Kaeni."

Nikaanza hotuba yangu. Sikufika kwenye mstari wa kwanza wa Maandiko.

"Alto, nyamaza kidogo," Besi akasema. "Huyu ana mdomo. Hata siku ile alikuwa nao."

Mwalimu akasimama. Mtu mzima akisimama hivyo mbele ya mwenzake unatamani usiwepo.

"Baba yako alifariki Jumanne," akasema. "Nilipata habari Jumatano. Gari la Mwanza lilikuwa Alhamisi. Niliwaambia tusiikose studio, Besi ataelewa. Hukuelewa. Na wakati nasema hivyo nilijua hutaelewa. Nilitaka kanda."

Kuku walikuwa wakidonoa maganda ya mihogo. Nikasimama na mimi.

"Na mimi nilikuwepo," nikasema. "Sikusema neno. Nilikula chipsi."

Besi alitutazama mmoja baada ya mwingine kwa lile jicho lake zima.

"Nimesikia," akasema. "Mimi nimechoka kuwakasirikia. Miaka ile ya mwanzo nilikuwa na nguvu. Kuchoka si kusamehe, msije mkachanganya. Lakini ni majirani." Akainuka akishika kiuno. "Na hizo soda ziacheni kivulini kwanza. Baba hajaimbiwa."

Aliingia ndani akatoka na gitaa la besi. Lilikuwa na nyuzi mbili. Nyingine mbili, nilipotazama, zilikuwa zimefunga mlango wa banda la mbuzi. Alitutangulia nyuma ya migomba, kwenye kaburi la saruji iliyopasuka, limefagiliwa, jina limekwanguliwa kwa msumari. Hapakuwa na umeme wala spika. Magitaa yale bila spika yana sauti ndogo, inabidi usogee ndipo uyasikie, tukasogea.

Mwalimu akaanza ule mwanzo. Mkono ukashuka, ukashuka, ukashuka. Kwenye pigo la nne ukasimama hewani, kifundo kimekataa, na akaanza upya. Ukasimama tena palepale. Mara ya tatu niliangalia pembeni, machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone.

Besi hakuinua uso kutoka kwenye zile nyuzi zake mbili.

"Pandisha," akasema.

"Haupandi," Mwalimu akajibu. "Unajua."

"Mzee amengoja miaka hii yote. Hatakuuliza umepiga kwa kushuka au kwa kupanda. Pandisha mkono, ndugu yangu."

Mwalimu akapandisha mkono. Ukashuka, ukapanda, ukashuka, na wimbo ukaenda, polepole kama tulivyokuwa tunauimba sikuzote. Besi akaingia na nyuzi zake mbili. Ulipofika mahali pa kuimba nikaingia na mimi, peke yangu, pale ambapo zamani waimbaji tulikuwa wanne.